Rejista ya NTM ya kujaza kwa simu: nyota tatu, nusu nimeongeza baadaye

Mimi fundi cherehani hapa Kisenyi, Kampala. TB nimetibiwa mara mbili na dozi nikamaliza zote, mwaka jana kikohozi kikarudi, kwenye hadubini wadudu wanaonekana ila GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, inasema hakuna TB, nenda rudi mpaka makohozi yakaoteshwa maabara, tena mara mbili, ndo wakakuta ni MAC, mmoja wa wadudu wanaoitwa NTM, ndugu yake TB anayekaa kwenye maji na udongo na kwa kawaida haambukizi mtu kwa mtu (kikombe changu nilikitenga bure). Sa niko kwa azithromaisini, rifampisini na ethambutoli, na haziachwi mpaka makohozi yakae safi mwaka mzima.

Sasa rejista. Ile kubwa ya Marekani, ya COPD Foundation, shirika la magonjwa ya mapafu, hospitali ndo zinaingiza habari zako. Hii yangu mgonjwa anajaza mwenyewe, bure. Dawa hawakupi, wanakusanya tu habari zetu ili watafiti wajue ugonjwa unaendaje, maana hospitali moja haiwezi kupata wagonjwa wa kutosha.

Mpwa wangu alikuwa ananisomea huku mimi napiga pasi suruali za watu.

"Mjomba, wanauliza kama una jakuzi."

Jakuzi ndo nini?

"Beseni kubwa la maji moto, watu wanakaa ndani wanapumzika."

Nikamwambia andika karai.

Ila swali si la kipuuzi, hawa wadudu wanapenda mabomba na vichwa vya shawa, ukivuta ule mvuke wanakuingia kifuani. Kilichoniudhi ni kwamba jerikeni haikuulizwa popote, na mimi maji yangu yanalala kwenye jerikeni siku tatu nne, ukichungulia ndani kuna utelezi wa kijani. Halafu TB wameipa kibox kimoja, ndiyo au hapana, kana kwamba ni surua! Mapafu yaliyochimbwa na TB ndo nyumba ya hawa wadudu, walitakiwa waulize mara ngapi na mwaka gani.

Lingine, kuingia ni rahisi mno. Daktari amekuambia una NTM? Bonyeza ndiyo, umeshaingia, hakuna pa kuweka picha ya majibu ya maabara. Makohozi kuonyesha mdudu mara moja hayatoshi, anaweza kuwa ametoka kwenye maji uliyosukutulia. Mimi nikiwa mtafiti ningezitilia shaka hizo data.

Bando likaisha katikati, nikajua ndo basi tena, kumbe majibu yalikuwa yamehifadhiwa. Hapo nawasifu kabisa.

Kufika kwenye nchi, Uganda haimo. Nchi kama thelathini hivi halafu "nyingine". Jamani, kuna ndugu mwingine wa hawa hawa wadudu, yule anayekula ngozi, kidonda chake dunia nzima wanakiita Buruli, na Buruli ni hapo Nakasongola tu! Jina tumetoa sisi, kwenye orodha tumekuwa "nyingine". Mpwa wangu akawaandikia, kwa Kiingereza cha hasira kidogo.

Juzi wamenitumia maswali ya miezi sita, kikohozi vipi, uzito vipi, masikio yanasikia vizuri? Nikafungua orodha ya nchi kwanza. Tupo, kule chini, juu ya Ukraine. Jerikeni bado.