Brashi na mpira wa mlango wa slaidi: kipi ununue Kigoma, kipi ukiache dukani

Mlango wa slaidi wa barazani ukianza kupitisha vumbi na maji, watu wengi hukimbilia silikoni, ile gundi ya kuzibia mianya. Ndiyo iliyopangwa mbele kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Mwanga na Gungu, na muuzaji atakupa bila hata kuuliza mlango wako ni wa namna gani. Silikoni ni ya mahali pasiposogea, yaani kati ya fremu na ukuta, basi. Ukiipaka pale ubawa, yaani jani la mlango linalosogea, unapopita, ama mlango utagoma kufunguka, ama itachunika yote baada ya muda mfupi. Kinachozuia upepo na mbu kwenye ubawa unaoteleza ni brashi, ule mstari wa manyoya ya kijivu au meusi uliochomekwa kwenye mfereji wa alminiamu. Kwenye mlango wa bawaba kazi hiyo hufanywa na mpira. Vyote viwili huuzwa kwa mita, na bidhaa nzuri haiipiti mbaya kwa bei kama inavyoipita kwa kudumu.

Kwetu adui mkubwa ni jua. Ziwa liko magharibi, na kila mwenye kiwanja kwenye mteremko hutaka baraza lake litazame maji. Maana yake mlango unapigwa na jua la kuanzia saa nane mchana hadi linapozama, siku zote za kiangazi, huku vumbi jekundu likijaa kwenye reli. Oktoba ikifika mvua nayo huja na upepo, na mlango ambao manyoya yake yalikauka kiangazi ndio utakaolowesha zulia. Kwa hiyo katika kupanga bidhaa hizi nimetanguliza uvumilivu wa jua, kisha maji, kisha bei.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha tatizo ni brashi kweli. Washa udi jioni yenye upepo, funga madirisha, upitishe taratibu kando ya mlango ukitazama moshi unapoyumba. Halafu mwagia reli maji kidogo kwa kopo. Chini ya fremu ya slaidi kuna matundu madogo ya kutolea maji upande wa nje. Yakiziba kwa udongo, reli hujaa na maji humwagikia ndani, na hakuna brashi duniani itakayoyazuia. Zibua kwa waya mwembamba. Wapo mafundi wanaoyaziba matundu hayo kwa silikoni wakidhani wanazuia mvua. Ukiyakuta hivyo, ikwangue yote. Mwisho angalia rola, vile vigurudumu vya chini ya ubawa. Zikichakaa ubawa hushuka, brashi ya juu huacha kugusa fremu, na mlango huburuza kwa kelele. Rola nyingi zina skrubu pembeni, chini ya ubawa, unayoweza kukaza kwa bisibisi ili ubawa unyanyuke. Ukishafanya hayo yote na moshi wa udi bado unayumba, ndipo uende dukani.

Chaguo la kwanza: brashi yenye utando katikati

Ukiitazama kutoka pembeni, katikati ya manyoya umesimama utando mwembamba wa plastiki. Manyoya matupu hupunguza upepo tu, kwa sababu hewa hupenya kati ya nyuzi. Utando ndio unaoikatia njia, na matone ya mvua ya upepo hugonga hapo na kushuka chini. Kwa mlango unaotazama ziwa sioni sababu ya kununua nyingine kama hii ipo. Ulizia pia kama manyoya yametiwa silikoni kiwandani. Jaribu mwenyewe kwa kudondoshea tone la maji: kwenye brashi iliyotiwa hubaki limesimama juu, kwenye isiyotiwa huzama. Manyoya haya kwa kawaida ni polipropilini, plastiki ambayo bila dawa ya kuikinga na jua hukauka na kukatika, hivyo usichukue roli iliyokaa dirishani mwa duka ikipigwa jua. Vuta manyoya kidogo kwa vidole. Yakibaki mkononi, mrudishie.

Saizi ndiyo inayowashinda wengi. Kuna vipimo viwili: upana wa ule ukanda mgumu wa chini unaoingia kwenye mfereji, na urefu wa manyoya. Upana ulio maarufu ni karibu milimita 5 na karibu milimita 7, na urefu unaanzia milimita 5 na kuendelea. Upana ni rahisi: kata kipande cha sentimita mbili cha brashi ya zamani, nenda nacho. Urefu usiupime kwenye brashi hiyo hiyo, kwa kuwa imeshalala. Chukua donge dogo la unga wa chapati, lizungushie nailoni, libandike kwenye uwazi kati ya ubawa na fremu, funga mlango, fungua, upime unene uliobaki. Ongeza milimita moja hivi ili manyoya yabanwe kidogo. Usishawishike kuongeza tatu eti ibane vizuri. Mlango utakuwa mzito, watoto watausukuma kwa mabega, na rola zitakufa mapema.

Urefu wa kununua nao una hesabu yake. Ubawa wenye upana wa mita 0.9 na kimo cha mita 2.1 una mzunguko wa mita 6. Ukiwa na mifereji ya brashi upande wa ndani na wa nje ni mita 12, na mlango wa mbawa mbili ni mita 24. Kuna fremu ambazo mifereji yake iko sehemu chache tu, kwa hiyo hesabu mifereji yako, usimwachie fundi akisie. Ongeza mita moja au mbili za kukata na kuharibu.

La pili: mpira wa EPDM

EPDM ni aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani. Huu ni wa mlango wa bawaba, wa alminiamu au wa mbao, na unaofaa zaidi ni ule wenye mrija mwembamba unaobonyea mlango ukifungwa. Kwa slaidi hauna kazi kubwa, ndiyo maana nimeuweka wa pili. Baraza lako likiwa na mlango wa bawaba, kwako ndio wa kwanza. EPDM huvumilia jua na joto kuliko mpira wa kawaida. Dukani umewekwa pamoja na mpira wa PVC, ambao ni plastiki laini, vyote vyeusi, na si kila muuzaji anajua kuvitofautisha. Kunja kipande kwa nguvu kisha uachie. EPDM hurudi palepale. PVC hubaki na alama ya mkunjo, na kwa kuushika unateleza kama waya wa umeme.

Mambo mawili kuhusu kuufunga. Usiuvute wakati wa kuuingiza. Mpira uliovutwa hurudi taratibu, na baada ya wiki chache pembe zote nne zinakuwa na mianya. Ukate mrefu kidogo kuliko nafasi, uusukume. Pili, usiupake grisi wala oili ya injini. Mafuta ya petroli huivimbisha EPDM na kuilegeza. Ukinata, poda ya mtoto inatosha.

Halafu kuna raba ya kioo, ile inayoshikilia kioo kwenye alminiamu. Hiyo ni bidhaa tofauti, ina umbo la kabari. Ukisema tu "nataka raba ya mlango wa alminiamu", mara nyingi utapewa hiyo. Taja wazi: "Fundi, naomba mpira wa kwenye fremu, pale mlango unapogonga."

Zinazofuata

Brashi ya kawaida isiyo na utando inakuja ya tatu. Inapatikana karibu kwa kila fundi wa alminiamu, ni nafuu, na kwa mlango uliojificha chini ya paa refu la baraza au unaotazama mashariki inatosha kabisa. Chagua yenye manyoya yaliyosongamana. Ukiinama ukaona ukanda wa chini kati ya nyuzi, hiyo ni nyepesi mno.

Ya nne ni mkanda wa chini ya mlango, ule wa alminiamu wenye mpira au brashi, unaofungwa kwa skrubu. Ni wa milango ya mbao, na huko ni wa maana sana, kwa kuwa pengo la chini ndilo wanalopitia panya, nge na mende. Sakafu ya vigae inataka wenye mpira. Sakafu ya saruji yenye mikwaruzo inataka wenye brashi, maana mpira utaliwa.

Ya tano itawashangaza wengine: kipande cha tyubu ya gari kutoka kwa fundi wa pancha. Kikate kwa upana wa vidole vitatu, kipigilie chini ya mlango wa mbao kwa misumari midogo na kijiti cha mbao juu yake ili kisichanike. Hakipendezi. Lakini kwenye milango ya nyuma ya nyumba za zamani za Ujiji, ambayo chini imeliwa na haiko sawa, tyubu hujikunja kufuata umbo la sakafu kuliko mikanda mingi ya dukani, na gharama yake ni ndogo mno.

Mpira wa PVC ni wa sita. Si mbaya siku ya kwanza. Joto huutoa ulaini wake, ukawa mgumu, ukasinyaa. Ufunge kwenye milango ya ndani tu.

Ya mwisho ni sponji ya gundi, zile roli ndogo wanazotembeza wamachinga. Sponji ya bei ya chini hunyonya maji. Ichovye na uikamue, ikitoa maji iache. Yenye vitundu vilivyofungwa haitoi, na hiyo inafaa mlango wa chumba cha kulala kama utafuta fremu kwa spiriti kwanza ili gundi ishike. Kwenye slaidi usithubutu, ubawa utaikwangua. Na ile mirija miwili ya sponji iliyovalishwa kitambaa, ya kuchomeka chini ya mlango, ni ya ndani tu. Kwenye mlango wa barazani itafyonza mvua mpaka inuke.

Harufu, kwa taarifa ya majirani wa Kibirizi, haizuiliwi na chochote kati ya hivi. Dagaa wakianikwa, mtajua.

Kama bado unahitaji silikoni ya ukutani, chukua isiyonuka siki. Inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, hula metali na haishiki vizuri kwenye saruji. Na nyumba ikishabana, jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata usiku wa mvua. Gesi yake yenye sumu haina harufu, na zamani ilikuwa ikitoka nje kupitia mianya hiyo hiyo uliyoiziba. Chandarua nacho kibaki kitandani, kwa sababu mlango utafunguliwa tu.

Kwa kununua, anzia kwenye karakana za alminiamu kabla ya maduka ya jumla. Fundi anayetengeneza milango huwa na roli nzima na atakukatia mita unazotaka. Akiwa hana yenye utando, agiza Dar es Salaam, Kariakoo au Gerezani, ije kwa basi. Omba izungushwe duara pana na kuwekwa kwenye boksi; ikikunjwa na kufungwa kamba manyoya hulala, na mahali palipokunjwa hapanyooki tena. Unapoagiza, piga picha kipande cha zamani kikiwa kimesimama kando ya rula, ili sura yake ya pembeni ionekane na milimita zisomeke. Picha iliyopigwa kutoka juu haimsaidii muuzaji.