Daftari au simu: kuwafuatilia waliotangamana na mgonjwa Mtwara na Lindi

Kila panapotokea tishio la mlipuko wa ugonjwa, swali hurudi: mhudumu wa afya ngazi ya jamii aendelee na daftari lake, au ahamie kwenye programu ya simu? Kwa gharama za kuanzia daftari linashinda bila ubishi, kwani halihitaji chaji wala bando. Machungu yake huja baadaye, kwa sababu aliyetangamana na mgonjwa wa homa ya virusi vya Marburg, kama ilivyokuwa Kagera mwaka 2023, hufuatiliwa kwa siku 21, na kila siku ina nauli yake ya bodaboda na kurasa za kujumlisha jioni, nyingine zimelowa mvua.

Programu iliyo mikononi mwa mhudumu hufikisha taarifa wilayani siku hiyohiyo, mradi mtandao upo. Zile za Bluetooth zilizosambaa duniani mwaka 2020 wakati wa Uviko-19 ni jambo jingine kabisa: hutaka kila raia awe na simu janja, nazo hupima ukaribu wa simu, si wa watu. Mama wa Tandahimba aliyeacha kitochi chake nyumbani akaenda kuokota korosho haonekani humo, ilhali aliyeokota naye anamtaja kwa jina.

Kuhusu usiri, daftari husomwa na yeyote alifunguaye; simu hufungwa kwa nywila, ingawa kanzidata ikivuja huvuja yote.

Kituo cha Mtwara mjini chenye umeme na fundi wa karibu kinaweza kuanza na simu. Kwa zahanati ya ndani Liwale, au kando ya Ruvuma ambako msafiri hubadilisha laini akiingia Msumbiji, ningechagua daftari lenye safu zilezile za programu, ili kunakili kusichukue usiku kucha.