Sh2,000 za Inua Jamii na Sh300 za SHA: Kipi Kitangulie kwa Mzee wa Kijijini?

Mzee wa Kenya aliyetimiza miaka 70 hukutana na huduma mbili za serikali katika mfuko wake mmoja. Inua Jamii, mpango wa serikali wa posho kwa wazee na wasiojiweza, humpa Sh2,000 kwa mwezi, nayo bima ya afya ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) humdai mchango usiopungua Sh300 kwa mwezi. Nimezipima zote mbili kwa jicho la mtoto anayesimamia nyumba ya wazazi wake kutoka mjini, nikiuliza ipi ipewe kipaumbele pale fedha zinapopungua. Katiba ya 2010 haitusaidii kuchagua, kwa sababu Kifungu cha 43 kimeiweka haki ya afya na haki ya kutokuwa na njaa mahali pamoja.

Sifa kubwa ya Inua Jamii ni kwamba haimpangii mzee cha kununua. Akitaka gorogoro la mahindi atanunua, na akiona afadhali alipe deni la dukani au anunue dawa ya kifua, hana wa kumwomba ruhusa. Kasoro yake ni kwamba kiwango hicho hakijapandishwa kwa zaidi ya miaka 10, ilhali bei za dukani hazikusimama kumsubiri: mwaka 2022 pakiti ya kilo 2 ya unga ilipita Sh200, kwa hiyo posho ya mwezi mzima haikufikia pakiti kumi, na hapo hatujahesabu mboga, chumvi wala sabuni. Isitoshe, malipo hucheleweshwa mara kwa mara na kuja yakiwa yamerundikana, jambo linalomlazimu mzee kuishi kwa mkopo wa mwenye duka.

SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya hospitali ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, imejengwa kwa mantiki ya mwenye mshahara, ambaye hukatwa asilimia 2.75 kabla hata hajaigusa pesa yake. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali kuhusu nyumba, choo, maji na mengineyo, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwenye karatasi Sh300 ni asilimia 15 tu ya posho ya mzee. Lakini kwa mwaka ni Sh3,600, yaani karibu posho ya miezi miwili bila kutia kitu chunguni. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole unapunguza makali, ingawa kwa kweli ni mkopo wa kulipia mchango huo unaorudishwa kidogo kidogo, na sioni busara ya kumkopesha mtu wa miaka 75 ili aruhusiwe kuugua. Kuna pia jambo linalowaudhi wengi wetu, nami nikiwamo: makato ya mtoto aliyeajiriwa humhudumia mwenzi wake na watoto wake, ila wazazi huhesabiwa kuwa kaya nyingine yenye mchango wake.

Hata hivyo, bima hii ina sehemu moja ninayoisifu bila kusita. Aliyejisajili hutibiwa katika zahanati na kituo cha afya cha umma kwa gharama ya hazina ya afya ya msingi, hata kama hajalipa mchango. Mchango huhitajika anapolazwa hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu, yaani kuanzia hospitali za kaunti ndogo, na hapo ndipo bili moja inapoweza kumaliza mbuzi wote na kuwaingiza jamaa katika harambee ya WhatsApp. Kwa maana hiyo bima hulinda chakula cha mwaka ujao, lakini haiwezi kulipiwa kwa chakula cha leo.

Msimamo wangu ni kwamba posho ya mzee isiguswe kwa ajili ya mchango. Asajiliwe SHA mara moja, kwa kuwa usajili ni bure, na Sh3,600 zitoke kwa watoto walio na kipato. Asiye na mtoto wa namna hiyo ni jukumu la serikali, ambayo mwaka 2025 ilitangaza mpango wa kuwalipia wasiojiweza. Inua Jamii naipa alama 3 kati ya 5. SHA naipa 4 kwa mzee anayelipiwa, na 2 kwa yule anayetakiwa kujilipia.