Kinga ya mwili ya kocha: tumboni iko vizuri, mbavuni bado

Wakuu hii kinga nimeitumia miezi minne sasa, ile anayovaa kocha kuanzia kifuani mpaka chini ya kitovu ili bondia apige mwili kwa nguvu zote, nilinunua laki na arobaini na ninayemfundisha ni dogo wa uzito wa juu, kilo 104, kwa hiyo imekula ngumi kweli kweli.

Niliinunua kwa sababu mabondia wengi wa uzito wa juu wanawinda kichwa tu, mimi nataka dogo apige mwili kama Joe Frazier. Kwangu Frazier ndo namba moja. Jamaa hakufika hata futi 6, anainama anapita chini ya ngumi ya mtu mrefu halafu anazungusha ile kushoto inaingia mbavuni, na mkono wenyewe uliumia utotoni haukunyooka tena sawasawa, ukabaki umekunjika kama uliumbwa kwa ngumi hiyo. Angalieni pambano lake na Muhammad Ali, Manila 1975, zile raundi za katikati, Ali yuko kwenye kamba anapondwa mbavu mpaka unamwonea huruma. Ini la mpinzani liko upande wake wa kulia, ndo maana ngumi yako ya kushoto inaua, kichwa kinakuwa kizima kabisa ila miguu inagoma.

Na hapo hapo ndo kinga inapofeli. Kwenye chembe cha moyo sponji ni nene, safi sana, ngumi kama ile Bob Fitzsimmons aliyomlaza nayo Jim Corbett 1897 akabeba ubingwa, dogo anaipiga nasikia mshindo tu. Ila pembeni sponji inaishia kabla ya kulifunika ini lote, halafu mkanda wa kunata ukishalowa jasho unaachia, kinga inazunguka, siku moja ngumi ikaingia chini ya ubavu wa mwisho nikapiga goti pumzi haiji. Kwa uzito wa juu hili sio tatizo dogo jamani, mtu anaweza kuumia vibaya.

Tukajaribu na ile ya Tyson, kulia mbavuni halafu kulia hiyo hiyo inapanda kidevuni bila kurudisha mkono. Ngumi ya kwanza inasukuma kinga juu, ukingo unanigusa koo, ya pili siioni inavyokuja. Nimeongeza kamba za begani, sasa afadhali.

Nilichokipenda sana ni mstari mwekundu kwenye kinga unaoonyesha mkanda wa bukta. Andrew Golota alikuwa anampiga Riddick Bowe vizuri mno 1996, mapambano mawili yote anaongoza, yote akaondolewa kwa kupiga chini ya mkanda, inauma hata leo. Dogo akishuka chini ya mstari tunasimama tunaanza upya.

Nguvu peke yake haitoshi, George Foreman kwenye pambano la Kinshasa 1974 alipiga mwili wa Ali kwa nguvu za kutisha lakini nyingi zikaishia kwenye mikono na viwiko, raundi ya 8 akalala yeye. Kwa hiyo mimi nikivaa nabana viwiko, dogo atafute njia.

Nyota 3 kati ya 5. Kama bondia wako hajafika kilo 75 chukua tu, ni kazi nzuri kwa hiyo bei. Wa uzito wa juu tafuteni inayozunguka mpaka mgongoni na inayofungwa kwa kamba, yangu nimeipeleka kwa fundi viatu aongeze sponji upande wa ini.