Zebra TC21 kwa kuhesabu stoo: mashine haina neno, kazi iko kwenye faili

Kwa duka la jumla la Darajani au bohari ya karafuu kule Wete, TC21, mashine ya mkononi ya kusomea barkodi, inatosha na kubaki. Ilitoka 2020 ikiwa na Android 10, betri yake inachomoka, na kinga yake ni ya kiwango cha IP67, kwa hiyo vumbi la magunia na mvua ya masika haviisumbui. Aliyezoea simu ataishika siku hiyo hiyo. Kinachowakwamisha watu ni faili.

Kwanza, DataWedge, programu inayokuja ndani ya mashine bila malipo, haihifadhi kitu. Inasoma barkodi na kuipeleka kwenye programu iliyo wazi kwenye skrini, basi. Ukiskania bila ya programu ya kuhesabu utasikia mlio, lakini data huna. Tafuta programu ya stoo inayokubali CSV (faili ya jedwali ambamo koma ndiyo hutenga safu), halafu itengenezee profaili yake, yaani mipangilio yake, ndani ya DataWedge: ihusishe na programu hiyo, washa skana, washa utoaji wa kibodi (barkodi iingie kana kwamba imechapwa kwa mkono), na uchague kutuma Enter baada ya kila barkodi. Enter ikisahauliwa, namba za bidhaa mbili hugandana kwenye kisanduku kimoja.

Faili zenyewe ni mbili. Ya bidhaa inaingia kwenye mashine: barkodi, jina, kipimo, idadi kwa katoni. Ya hesabu inatoka: tarehe, saa, mahali, barkodi, idadi. Saa iachie programu iijaze yenyewe, usiiandike. Mhesabuji wetu akiandika kwa mkono ataweka 2:00 kwa saa mbili asubuhi, na kompyuta itaelewa ni usiku wa manane uliopita.

Uharibifu mkubwa hutokea kwenye Excel kabla mashine haijaguswa. Barkodi ya tarakimu 13 huonekana kama 6.2E+12, na ukiihifadhi hivyo kuwa CSV, tarakimu za nyuma zimekwenda, hazirudi. Sifuri ya mwanzo nayo hufutwa. Usiifungue CSV kwa kuibofya mara mbili. Iingize kupitia menyu ya data na uitangaze safu ya barkodi kuwa maandishi. Koma ni adui mwengine: "Mchele, kilo 25" hugawika safu mbili, na bei ya 1,500 hugeuka 1 na 500. Ondoa koma zote kwenye majina na bei kabla ya kuhifadhi, au tumia nukta-mkato ikiwa programu yako inaikubali.

Bidhaa nyingi za Marekani zina barkodi ya tarakimu 12, ambayo kwenye orodha za wauzaji wengine huandikwa 13 kwa kuongezwa sifuri mbele. Mashine inasoma 12, faili ina 13, na jibu ni "bidhaa haipo". Ama urekebishe faili, ama ubadilishe mpangilio wa UPC-A (ndiyo hiyo barkodi ya tarakimu 12) kwenye DataWedge utume 13. Chagua njia moja tu. Ukifanya zote mbili unarudi palepale.

Katoni zina barkodi yao, mara nyingi ya tarakimu 14 ya aina ya ITF. Aina hii ina kasoro ya asili: ukiiskania mshazari, mashine inaweza kusoma sehemu tu na ikakubali. Funga urefu wake kwenye 14, na uzime aina zote usizozitumia. Halafu andika kwenye faili kwamba barkodi hiyo ni pisi 24, au 12, vyovyote ilivyo, la sivyo katoni moja itahesabika kama pisi moja.

Karafuu na mchele wa kupima hauna barkodi. Tengeneza zako za Code 128, aina inayobeba herufi na namba, fupi, kama KRF0001, na uzichapishe kwa printa ya utepe wa wino. Lebo za karatasi ya joto hufifia zikikaa juani, na gunia la karafuu halikai kivulini siku zote.

Kazi ikimalizika unachomeka USB na huoni faili. Haijapotea: Android mara nyingi haiitangazi faili mpya kwa kompyuta hadi mashine izimwe na kuwashwa. Ukiwa na mashine kadhaa, toa profaili kutoka ya kwanza uiingize kwenye nyengine, usipange kila moja kwa mkono.

Kabla ya kulipa, soma namba ya modeli. TC21 haina laini ya simu, TC26 inayo. Kwa stoo yenye Wi-Fi ya kwanza inatosha. Na yapo matoleo ya TC21 yasiyo na skana kabisa, yanayosoma kwa kamera. Hayo ni ya polepole, na kwa magunia 300 ya asubuhi moja yatakuchosha.