Spika za waya au zisizo na waya? Hesabu soketi kwanza

"Hii haina waya hata mmoja, bosi," muuzaji alituambia, akaligonga boksi kwa kiganja kama dalali anayenadi ng'ombe. Tulikuwa Kariakoo, mimi na shemeji yangu, tukitafuta saraundi ya TV, yaani spika zinazokuzunguka pande zote, na shemeji alikuwa ameshaanza kupapasa mfuko wa hela. Nikamwomba kijana alifungue boksi. Ndani mlikuwa na saundibaa (ile spika ndefu ya kukaa chini ya TV), sabufa, spika mbili ndogo za kukaa nyuma ya kochi, na chini kabisa, kwenye nailoni, nyaya nne za umeme.

Kijana hakuwa mwongo. Sauti kweli ilikuwa inapita hewani. Ila umeme haupiti hewani. Kila spika isiyo na waya ina amplifaya yake tumboni, na amplifaya hiyo lazima ile umeme, iwe wa soketi au wa betri. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, simama katikati ya sebule yako uhesabu soketi, kisha ujiulize ukuta ule ni wa nani.

Sebule nyingi za kupanga, iwe Sinza, Tabata au Mbagala, zina soketi upande wa TV, na ukibahatika nyingine karibu na mlango. Nyuma ya kochi hakuna kitu. Ukileta spika za nyuma zisizo na waya utaishia kupitisha ekstensheni chini ya zulia, imebeba volti 230, na watoto wanaikanyaga kutwa nzima. Waya wa spika nao ungepita palepale ukiwa na volti chache tu. Watu wanakimbia waya mpole na kukaribisha ule mkali.

Halafu tuelewane kuhusu neno lenyewe, saraundi. Saraundi ya kawaida ni ile inayoandikwa 5.1: spika tatu mbele (kushoto, katikati, kulia), mbili pembeni kuelekea nyuma yako, na sabufa ya besi, ndiyo hiyo .1. Kila spika inapata sauti yake. Gari likipita kwenye filamu kutoka mbele kwenda nyuma, unalisikia likikupita. Hapo ndipo wengi tunapoliwa Kariakoo, maana seti nyingi za sabufa za bei ya chini zinaandikwa 5.1 kwa herufi za dhahabu, lakini ukizigeuza mgongo unakuta matundu mawili tu ya AV, jekundu na jeupe. Matundu mawili yanaingiza sauti mbili. Zile spika tano zinarudia kitu kilekile, mbele na nyuma. Kwa singeli na taarabu siku ya shughuli, hakuna anayelalamika, na mimi mwenyewe ninayo moja jikoni. Ila hiyo si saraundi, ni kelele zilizogawanywa mafungu matano. Saraundi ya kweli inaingia kwa HDMI, au kwa lile tundu dogo la optiki linalotoa mwanga mwekundu, au kwa matundu sita ya AV yaliyotengwa.

Stika ya "wati 10,000" usiisome kabisa. Hizo ni PMPO, hesabu za sokoni. Geuza mashine utafute kibandiko cha umeme inaokula. Kama inakula wati 60, haiwezi kutoa 10,000 hata ukiiombea dua. Namba ya maana inaandikwa RMS.

Sasa niipange mifumo yenyewe kwa madaraja, kutoka bora hadi dhaifu. Naanza na yule anayejenga, kwa sababu ndiye mwenye nafasi ambayo sisi wengine hatuna.

Kama una pagale Goba, Chanika au Kigamboni na plasta bado, chaguo la kwanza ni waya, na sioni la kulikaribia. Namaanisha risiva ya AV (si ile ya dishi, hii ni amplifaya yenye akili ya kugawa sauti, za kampuni kama Yamaha, Denon au Sony) pamoja na spika unazochagua mwenyewe. Mwambie fundi umeme akate ukuta alaze bomba kutoka itakapokaa TV hadi nyuma ya litakapokaa kochi, pande zote mbili, na alitenge na bomba la umeme wa nyumba. Mwambie pia aache kamba ndani, ya kuvutia waya baadaye. Hata kama hela ya spika itapatikana miaka mitatu mbele, bomba linakusubiri. Ukichelewa hadi nyumba imepigwa rangi, hamu ya kukata tofali haitakuwepo, na njia ya juu ya dari la jipsamu ina wenyewe. Waya wangu wa kwanza niliupitisha huko. Baada ya miezi michache spika ya kulia ikanyamaza, na fundi alipopanda alishuka na kipande kilichotafunwa na panya.

Unene wa waya usikupe presha. Sebule ya mita nne kwa tano, ukifuata ukuta, inakula kama mita 10 kufikia spika ya nyuma, yaani mita 20 kwenda na kurudi. Shaba ya milimita mraba 1.5, saizi ileile mafundi wanayotumia kwenye taa, kwa urefu huo ina ukinzani wa takriban omu 0.23. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni hasara ndogo usiyoweza kuisikia. Vile viwaya vyembamba vya 0.5 vinafika omu 0.7, na hapo sauti inaanza kudhoofika. Kama spika ni za omu 4, chukua 2.5. Kuwa macho na waya wa aluminiamu uliopakwa rangi ya shaba: kwangua kwa kisu, ukiona weupe ndani, rudisha. Na wakati wa kufunga, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi kila upande. Ukigeuza spika moja, besi inapotea na utamlaumu muuzaji bure.

Uzuri mwingine wa njia hii ni ufundi. Risiva ikiungua, spika zinabaki. Spika ikichanika, unabadilisha moja. Mafundi wa amplifaya Dar wapo wa kutosha, na spika nzuri ya waya haizeeki kwa sababu simu yako imebadilika.

Daraja la pili ni lile boksi la shemeji: saundibaa yenye sabufa na spika za nyuma zisizo na waya. Kwa mpangaji ndilo la kwanza. Hutoboi ukuta wa mwenye nyumba, na siku ya kuhama unapakia kwenye Kirikuu na kuondoka. Boksi kama hizi zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa redio yao, si kwa Bluetooth ya kawaida, ndiyo maana midomo na maneno vinakwenda pamoja. Hakikisha tu boksi lina spika za nyuma kweli. Saundibaa tupu hubuni saraundi kwa kurusha sauti ukutani, na kwenye sebule yenye mapazia mazito upande mmoja na mlango wazi upande wa pili, ubunifu huo unaishia hewani.

Shida ya soketi nayo ina dawa, kama mfuko unaruhusu. JBL wanazo saundibaa, kwa mfano Bar 1000, ambazo spika za nyuma zinachomoka kwenye ncha za baa yenyewe na kutumia betri, hadi saa 10 kwa maelezo ya kiwanda. Ukimaliza filamu unazirudisha zichaji. Umeme ukikatika katikati ya filamu, nyuma zinabaki hai wakati mbele kumekufa. Haisaidii, lakini inachekesha.

Kasoro ya daraja hili ni kwamba kila kitu kimeoana kiwandani. Spika ya nyuma ya kampuni hii haiongei na baa ya kampuni ile. Umeme uliporudi kwa kishindo usiku mmoja, spika yangu ya nyuma iligoma kupokea, na fundi mzuri kabisa aliirudisha akisema bodi hiyo haipati. Tangu hapo kila kifaa changu kinapita kwenye gadi ya TV.

Daraja la tatu ni homu thieta ya boksi moja, yenye deki na spika tano za waya. Mpya zimepungua, mtumba zimejaa, na kwa hela ndogo ni saraundi halali. Mambo mawili tu. Zilizotoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100, na ukizichomeka ukutani hapa bila transfoma ya kushusha, utasikia harufu kabla ya sauti. La pili, bonyeza taratibu pindo la spika. Pindo la sponji huoza kwa joto na unyevu, na huku kwetu pwani halidumu. Tafuta la mpira.

La nne ni mifumo isiyo na waya kamili, kila spika peke yake, kama inayofuata kanuni ya WiSA, inayotumia masafa ya gigahezi 5 na kuchelewa milisekunde chache tu. Kwa sikio ni safi. Kwa Dar bado ni ghali, spea ni shida, na inadai soketi tano au sita. Mwenye nyumba ya kifahari Masaki na fundi wa kumwita ajaribu.

Mwisho kabisa ni ile mbinu ya kuunganisha spika za Bluetooth mbili tatu na kuziita saraundi. Bluetooth hiyo hubeba stereo tu, na huchelewa kiasi cha kuona mlango umefungwa kabla ya kusikia kishindo. Bakini nazo ufukweni.

Bei sizitaji, maana Kariakoo bei ni maelewano na fremu mbili zinazotazamana hazikubaliani. Ila kagua TV yako kabla ya kutoka nyumbani: tafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC, linalotoa sauti ya TV kwenda kwenye spika, ambalo TV zilianza kuwa nalo baada ya mwaka 2009. Ukiwa na TV ya zamani zaidi, uliza mashine yenye optiki. Ujue pia kwamba chaneli nyingi za king'amuzi zinaleta stereo tu, kwa hiyo mechi haitakuzunguka kama filamu, hata ununue nini.

Dukani, nenda na flashi yenye klipu ya kupima 5.1, ile inayotaja kila spika kwa zamu. Spika ya nyuma kushoto ikitajwa na tano zote zikaitikia, funga boksi lao. Dai risiti ya EFD yenye jina la modeli, na garantii iandikwe, kwa sababu chini ya risiti nyingine kuna yale maneno ya "mali ikishauzwa hairudishwi".

Shemeji alichukua lile boksi, pamoja na ekstensheni nene niliyomlazimisha. Yeye amepanga Tabata, soketi zake mbili. Mimi nilivuka mtaa kutafuta roli ya waya wa 1.5, nikamkuta muuzaji anakula, nikasubiri.