Uzoefu wangu: PCB kwenye shule ya bweni ya serikali mkoani Tabora

Kila majina ya kidato cha tano yanapotoka, wazazi na wadogo zangu huuliza swali lile lile: hizi shule za serikali za bweni za huku magharibi zinafaa, au mtu ajikamue apeleke binafsi? Mimi nimemaliza PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwenye mojawapo, mkoani Tabora, wasichana watupu. Jina la shule nabaki nalo kwa sababu nina mazuri na mabaya ya kusema, na walimu wangu bado wako pale. Ukimtajia mtu shule ya serikali ya Tabora akili yake inakimbilia Tabora School, aliyosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1937 hadi 1942 kabla ya kwenda Makerere. Ile ni ya wavulana, iko mjini, ina sifa zake. Yetu iko mbali na mji, haina rais hata mmoja ukutani zaidi ya yule aliyepo madarakani.

Gharama nizimalize haraka. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, kwa hiyo ada hulipi. Ila fomu ya kujiunga ina orodha: godoro, mashuka, ndoo, jembe, fyekeo, ufagio, rimu za karatasi, koti jeupe la maabara. Baba aliisoma akaniuliza, "Mwanangu, unakwenda kusoma au kulima?" Vyote, baba. Kwa sisi wa Kasulu ongeza nauli ya kufika Kigoma mjini, halafu treni ya usiku kupitia Uvinza, Kaliua na Urambo. Tranka kwenye treni ni ugomvi mwingine, tuuache.

Sasa ugumu. Watu husema "miaka miwili", lakini hesabu vizuri. Unaripoti Julai, na mtihani wa taifa ni Mei, mwaka mmoja tu mzima ukiwa katikati. Toa likizo, toa mitihani ya ndani, toa moki, yaani mtihani wa majaribio, ambayo inataka topiki ziwe zimeisha kabla yake. Muda unaobaki ndio wa kumaliza Fizikia, Kemia na Biolojia, pamoja na, kwa wakati wetu, GS (maarifa ya jumla) na BAM (hisabati ya msingi) ambazo hazikuhesabiwa kwenye pointi za daraja lakini zilikula vipindi vilevile. Na topiki hazisubiriani. Mekanika ilipoanza, mwalimu wa Fizikia alikuwa anadiferenshieti ubaoni kama vile tumezaliwa nayo. Kalkulasi ya mtu wa PCB iko kwenye BAM, na wiki hiyo BAM ilikuwa bado inatufundisha kubonyeza kalkuleta.

Halafu ukaja mkeka, yaani karatasi ya matokeo. Kwenye shule yangu ya kata nilishazoea kuwa wa kwanza, kwa hiyo matokeo ya muhula yalipobandikwa nje ya ofisi ya taaluma nilianza kutafuta jina langu kutoka juu. Nikashuka, nikashuka, nikahamia karatasi ya pili. Fizikia S. Kwa asiyejua, S ni alama 35 hadi 39, chini ya E na juu ya F. Pembeni yangu kulikuwa na binti aliyetoka kidato cha nne na wani (daraja la kwanza) ya pointi saba, yaani A masomo yote saba yanayohesabiwa, naye alikuwa na F mbili. Hakulia. Aliuliza tu kama mkeka ni wa kombi yetu, yaani wa PCB.

Hapo ndipo shule hizi zinapowapoteza watoto wa watu. Mle ndani kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao, na nafasi ya kwanza ni moja. Wiki ile wapo walioandika barua za kuhama kombi, wapo waliojifanya wagonjwa, mmoja akaenda nyumbani na hakurudi. Mwalimu wa taaluma alitusimamisha mstarini akatusema sana kwamba tumekuja kula ugali wa serikali. Kwa maoni yangu hilo halikusaidia chochote. Mtoto aliyeanguka kwa mara ya kwanza maishani mwake hahitaji kusemwa mbele ya shule nzima, anahitaji mtu wa kumwonyesha swali la pili limekosewa wapi.

Mtu huyo nilimpata, na hakuwa mwalimu. Kuna kipindi tulikaa bila mwalimu wa Fizikia. Aliyekuwepo alikwenda kujiendeleza na wa kujitolea alikuwa anagawanywa kwa mikondo yote. Dada mmoja wa kidato cha sita, mtu wa Igunga, akawa anatupigia pindi, yaani kutufundisha, baada ya prepo (muda wa kujisomea usiku), saa nne usiku hadi karibu saa sita. Siku ya mwendo wa mduara alikuja na ndoo ndogo ina maji nusu. Kumbuka ilikuwa Oktoba, maji yenyewe ni ya kugombania. Akasogea katikati ya darasa, akasema, "Nitaizungusha juu ya kichwa." Darasa zima likapiga kelele, si kwa ajili ya fizikia, kwa ajili ya maji. Akaizungusha. Ndoo ikapita juu mdomo ukiangalia chini, halikudondoka tone. Akauliza kwa nini. Tukaanza kubwabwaja kuhusu nguvu inayosukuma maji nje. Akatukatisha: hakuna kitu kinachosukuma nje, uzito wa maji wenyewe ndio unaotumika kuyapindisha yafuate duara, na kama mwendo ni mdogo uzito unazidi kinachohitajika, hapo ndipo utaoga. Halafu akazungusha polepole makusudi, akaoga. Tulicheka, lakini usiku ule ndio nilielewa kwa nini kasi ya chini kabisa pale juu ni mzizi wa pili wa rediasi ya duara mara g, ile ya mvutano wa dunia. Mpaka leo sihitaji kukariri.

Tulipoingia sita ikawa zamu yetu kuwapigia pindi wa tano. Mimi nilipewa jenetiki. Usiku mmoja kuna mtoto wa tano aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, nikalala nalo, kesho yake nikamtafuta mwalimu wa Biolojia mapema kabla hajaingia darasani. Ndiyo maana mtu akiniuliza walimu wa pale wakoje nasema wapo wazuri, wachache, na wamechoka. Unachopewa na shule hizi ni wenzako. Huko binafsi unalipia mwalimu akufuate, huku unakaa na watu waliofaulu kutoka mikoa yote, na kama una mdomo wa kuuliza utakula matunda yao bure.

Maabara ilinishangaza, nilitegemea mabaya zaidi. Dawa zilikuwepo, vifaa ndivyo vilivyokuwa vya kupokezana; bureti moja watu wanne, na moja kati ya hizo ilikuwa inavuja kwenye bomba lake, kwa hiyo ukiipata wewe unaomba Mungu. Zoezi nililolipenda ni lile la kinetiki: unachora X kwenye karatasi, unaweka bika juu yake, unachanganya sodiamu thayosalfeti na asidi, unaangalia kutokea juu. Salfa inaanza kujitenga, maji yanakuwa kama yametiwa tone la maziwa, X inafifia, inapotea, unasimamisha saa. Ukipasha moto kidogo inapotea haraka zaidi. Mwalimu wa maabara alitufundisha kitu ambacho hakipo kwenye maelekezo: mtu mmoja tu aangalie X kwa zoezi zima, kwa sababu macho ya watu wawili hayakubaliani lini imepotea. Mara mbili wiki alitufungulia maabara jioni kwa hiari yake, hakuna aliyemlipa.

Maji ni sifuri. Pampu ya kisima ikiharibika, na iliharibika, mnaamka saa tisa usiku kupanga ndoo. Shule ya wasichana mia kadhaa bila maji si jambo la kuvumilia kizalendo. Tulilalamika, tukaambiwa fundi anakuja, fundi akaja masika yalipoanza. Chakula ni uji, ugali maharage, ugali maharage, makande siku fulani, na wali siku ambayo kila mtu anaijua. Mtu wa Kigoma utakumbuka samaki wa mgebuka na mawese hadi uote. Siku za kutembelewa kulikuwa na mama akiuza matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na asali nje ya geti, na wengine tulikuwa tunawasubiri wageni kwa sababu hiyo zaidi.

Simu ni marufuku, ukikamatwa nayo unaitiwa mzazi. Nyumbani unapiga kwa simu ya matroni, dakika chache, wenzako wamepanga mstari nyuma yako wanasikiliza kila neno. Mama yangu alikuwa ananiuliza kama nakula, mimi nasema nakula, basi. Viboko vilikuwepo, zaidi kwa kuchelewa kuliko kwa kufeli.

Matokeo yangu: daraja la kwanza, pointi 7; huku yanahesabiwa masomo matatu tu, A ni 1, B ni 2, C ni 3. Biolojia B, Kemia B, Fizikia C. Ile S ya mkeka wa kwanza ilipanda hadi hapo bila tuisheni ya kulipia. Sio wani ya pointi tatu, yaani A zote tatu, na kuna wenzangu wanne au watano walioipata hiyo, akiwemo yule aliyeuliza kama mkeka ni wa kombi yetu.

Nikiweka nyota: wenzangu tano, maabara nne, walimu tatu na nusu, maji moja, na hiyo moja ni ya masika. Kijana anayejiamsha mwenyewe na asiyeona aibu kuuliza aliye mbele yake, mpelekeni bila wasiwasi. Anayenyamaza akikwama, ambaye miaka yote amefaulu kwa sababu kuna mwalimu au mzazi amesimama nyuma yake, ningefikiria mara mbili, au ningehakikisha nampigia simu matroni kila wiki muhula ule wa kwanza.

Kombi za sanaa sizisemei, waulizeni waliosoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Kwa anayeripoti Julai hii, beba ndoo mbili zenye mfuniko na jina lako liandikwe kwa rangi, taa ya kuchaji, na sweta nzito, maana usiku wa Tabora mwezi wa saba una baridi hata kama mchana umechomwa na jua. Kufuli la tranka nunua la maana. Yale ya bei rahisi ya sokoni yanafunguka kwa pini ya nywele, na pini za nywele pale hazikosekani.